Makopo Yaliyokosa Neno Sumu

Mwaka 1956 Liberatus Kalinga alikuwa karani wa ghala mjini Iringa, kwa wakala Mzungu aliyeitwa Bwana Harding. Kampuni moja ya Afrika Kusini ilitaka kuanza kuuza Tanganyika, kupitia wakala huyo, dawa yake ya kupe, unga mweupe wa kuogeshea ng'ombe, uliopakiwa kwenye makopo yenye mifuniko ya kubana. Serikali iliruhusu kwa sharti moja: kila kopo liandikwe SUMU kwa rangi nyekundu, kwa Kiswahili, pamoja na onyo kwamba likiisha litobolewe na kufukiwa. Makopo yakafika yakiwa na Kiingereza na Kikaburu tu. Lebo za Kiswahili zilikuwa bado kwa mpiga chapa Dar es Salaam.

"Peleka arobaini Mbeya," Bwana Harding alisema.

"Lebo bado, Bwana."

"Zitafuata kwa posta. Ng'ombe wanakufa kule. Niwaambie kupe wasubiri karatasi?"

Habari ya ng'ombe ilikuwa kweli. Eliezeri, mwenyekiti wa wafugaji wa vilima vya Mbeya, alikwisha kuandika barua tatu za kuomba dawa. Liberatus akajaza fomu ya idara ya mifugo. Palipouliza kama lebo zimebandikwa akaandika "ndiyo" na kutia sahihi.

Jumapili iliyofuata hakwenda kupokea komunyo. Walipotoka kanisani mkewe, Matilda, alimuuliza kama anaumwa.

"Nimetia sahihi uongo," alisema, akamweleza yote.

Matilda akamgeukia. "Watu wa huko wanahifadhi unga ndani ya nini?"

Kesho yake Liberatus alinunua rangi nyekundu na brashi, akapanda lori la mbao lililopitia Mafinga kwenda Mbeya. Hakumuaga Bwana Harding.

Eliezeri alimpokea kwa furaha, akidhani ameleta dawa nyingine. Aliposikia sababu ya safari, alivaa koti lake. Makopo alikwisha kuyagawa. Kwa siku mbili walipanda na kushuka vilima, nyumba kwa nyumba. Kila kopo walilolikuta Liberatus aliliandika, na Eliezeri akaeleza kwa lugha ya nyumbani maana ya neno lile. Wakafikisha makopo thelathini na tisa.

La arobaini lilikuwa kwa mfugaji aliyeitwa Lutengano. Mke wake, Tupokigwe, aliwapokea mlangoni, macho yamemvimba. Ndani, mama mkwe wake, Sekela, alikuwa amelala mkekani. Alikuwa ametapika tangu juzi.

"Amekula nini?" Eliezeri aliuliza.

"Uji tu. Sisi tulikula ndizi."

"Unga wa uji ulikuwa wapi?"

Tupokigwe akatazama kopo jikoni. "Mume wangu alimaliza dawa ya ng'ombe, nikalichukua. Nililikung'uta vizuri, baba. Lina mfuniko mzuri."

Liberatus alishika brashi mkononi, akaona haina kazi tena. Walimbeba Sekela kwa machela hadi hospitali ya Mbeya. Daktari alipouliza ni sumu gani, Liberatus alimtajia jina lake kama lilivyoandikwa kwa Kiingereza kwenye kopo. Kisha akaenda kwa afisa wa mifugo, akaomba fomu yake, akaonyesha neno "ndiyo".

"Nani alikuagiza?" afisa aliuliza.

"Bwana Harding aliniagiza kupeleka makopo. Kuandika niliandika mwenyewe."

Kibali cha kampuni kilisimamishwa, makopo yakakusanywa. Bwana Harding alipewa onyo. Liberatus alifukuzwa kazi, akarudi kulima mahindi kwa baba yake nje ya Iringa.

Sekela alipona, lakini nyayo zake zilikufa ganzi, akawa anatembea kwa kushika ukuta. Na kwa kuwa dawa ilizuiwa miezi minne, kupe waliendelea kuua. Lutengano mwenyewe alipoteza ng'ombe watano kati ya saba.

Mwaka uliofuata Liberatus alikwenda kumwona Sekela, amebeba mahindi. Tupokigwe alimkaribisha, akamwekea kiti. Lutengano alikuwa uani akikarabati zizi. Alimwona mgeni, akamwitikia salamu, akaendelea kupigilia misumari. Liberatus alikaa hadi alasiri akimngoja aingie ndani, lakini Lutengano hakuingia.