Saa Nne ya Ng'ambo

Tangu ziwa lipande, nyumba yetu hapa Kalemie imekuwa kisiwa. Maji yamefika kizingitini, na njia ya kutoka ni moja: mtumbwi wa Papa, baba yangu, alioufunga kwa mnyororo na kufuli kwenye nguzo ya baraza. Ufunguo uko shingoni mwake, kamba moja na saa yake ya reli. Kuogelea sijui, na siku hizi mamba wanapita palepale walipokuwa wakipita watu wa soko.

Asubuhi ile nilikuwa nimevaa kabla jua halijatoka. Chuo kimoja cha Tanzania kilitaka kunihoji kwa mtandao, kwenye biro, ofisi ya parokia, saa nne. Nikikosa, nafasi ya kusoma elimu ya nyota inakwenda kwa mwingine, na mimi nabaki kuanika dagaa wetu, ndagala, mpaka nizeeke.

"Tutatoka saa tatu na nusu," akasema Papa Prospère.

"Papa, saa nne yao njo saa tatu yetu. Nilikuambia jana."

"Christelle, milima ya Tanzania naiona kutoka hapa. Jua lao njo jua letu."

"Basi nipe ufunguo."

"Reli yote, kutoka hapa mpaka Kabalo, ilikwenda kwa saa moja. Kila muntu akileta saa yake, treni zinagongana."

Huyu mzee kazeekea stesheni, na kichwa chake ni kigumu kuliko reli yenyewe. Nililia kwa hasira, hata hakugeuka. Nikazunguka vyumba vyetu viwili. Dirishani maji, mlangoni maji.

Saa tatu ya Papa ilipofika, simu yangu ikalia. Kwetu rezo ya simu inashika mahali pamoja tu, juu ya meza, karibu na bati. Nikapanda na viatu vyangu vya misa.

"Hatukuoni mtandaoni," ikasema sauti ya mwanamke. "Uko wapi?"

"Nimefungwa na ziwa, Mama. Nihojini hivihivi."

"Haya. Tueleze mawazo ya watu juu ya wakati na ulimwengu yamebadilikaje."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia watu wengi wa kale waliiweka dunia katikati, mbingu ikizunguka juu yao. Baadaye dunia ikatolewa katikati, ikawekwa kuzunguka jua. Newton akasema wakati ni mmoja, unakwenda sawasawa kila mahali, atake asitake mtu. Halafu Einstein akakataa: wakati unategemea mwendo wa anayeupima.

"Tofauti ya saa yenu na yetu Einstein hayumo," nikasema. "Hayo ni mapatano ya watu tu. Lakini mimi naishi na Newton, Papa wangu, na ndiye mwenye ufunguo wa mtumbwi."

Walicheka huko ng'ambo. Wakaniuliza mengine na mengine, mpaka simu ikakaribia kuzima. Mwisho yule mama akasema, "Nafasi ni yako, Christelle. Tunakungoja Oktoba."

Papa alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akaitazama saa yake mpaka ikafika tatu na nusu, akavua kamba, akafungua kufuli.

"Saa imefika. Twende."

"Nimesharudi, Papa."

Akakaa barazani, mnyororo mapajani. Hasira yangu iliniishia, nikabaki na uchungu tu.

"Saa tatu ya usiku, pale ninapokuombea," akasema, "kule itakuwa saa ngapi?"

"Saa nne, Papa."

"Basi utakuwa umeshalala."