Mistari Sita ya Vania

Uvumi huo Graca aliusikia sokoni Chikongola, kwa mtani wake Rozalia muuza dagaa, na haukumtoka kichwani.

"Mwanao kompyuta haijui, mtani! Rajabu anasema pale ofisini alikuwa mchemsha chai tu."

Watu wakacheka. Graca naye akacheka, maana mtani hanuniwi. Lakini rohoni alikuwa anatokota.

Ukweli aliujua. Miezi minane binti yake Vania alikaa sebuleni kwao Shangani akiandika kiendeshi, ile programu inayokaa ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta na kuipangia kadi ya mtandao foleni ya taarifa: hii itoke kwanza, hii isubiri, foleni ikijaa ya nyuma itupwe. Mitambo yote ya intaneti waliyofunga yeye na mshirika wake Rajabu kutoka mjini hadi Mahurunga iliitegemea. Rajabu, mwenye ofisi, akafuta jina la Vania, akaweka lake, akamfukuza.

"Sasa unamwangalia tu?" Graca akamwuliza binti yake. "Si bado unaweza kuingia kwenye mitambo?"

"Naweza, mama."

"Basi mkomoe. Akome kabisa!"

Vania akaongeza mistari sita: chochote chenye anwani ya ofisi ya Rajabu kikae mkiani, wengine wote watangulie. Jumatatu, Rajabu akiwaonyesha wageni kazi "yake", picha ikaganda kwenye skrini.

Rozalia mwenyewe ndiye aliyeleta habari. "Wageni wameondoka, mtani! Jasho lilimtoka kama anayelima mihogo!"

Graca akapika wali wa nazi. Siku tatu walikula wakicheka.

Siku ya nne kaka yake Graca, Ernesto, aligongwa na nyoka akifyeka chini ya mikorosho Mahurunga. Simu kule haishiki. Tabibu wa zahanati akatuma ombi la gari kwa mtandao. Akatuma tena. Kimya. Alasiri jirani akapanda pikipiki mpaka simu iliposhika, akampigia Graca.

Vania akafungua kompyuta, akaitazama foleni. "Mama, zahanati inapitia mtambo wa Rajabu. Kila wanachotuma kinatoka na anwani yake. Nilidhani ni yake peke yake."

"Futa! Futa sasa hivi!"

Akafuta. Ombi likapita, gari likaenda. Ernesto yu hai, ila mguu ulikatwa chini ya goti. Kila akija anauliza gari lilichelewa wapi, na Graca anakimbilia jikoni. Rajabu bado anatamba mjini. Graca bado anamchukia, wala hafichi. Lakini juu ya meza ya Vania amebandika karatasi, na kila mama mwenye mtoto wa kazi hizi humsomea:

Usiguse foleni ya watu ukiwa na hasira.
Usidhani anwani moja ni mtu mmoja. Uliza nani yuko nyuma yake.
Ukifukuzwa kazi, rudisha funguo zote za mitambo.
Usilipize kisasi kwenye mtandao wa zahanati, wala wa shule.
Mama, usimwambie mtoto "mkomoe".