Mzee Obedi Aja Jukwaani

Mwaka 2004 kundi letu la wafugaji wa mbuzi lilikuwa na watu arobaini na mmoja. Ukituma barua pepe moja, inamfikia kila mtu. Orodha ya anwani niliitunza mimi, kwenye kafe ya intaneti pale mtaa wa Kikuyu. Mzee Obedi wa Mpwapwa, bwana mifugo mstaafu, hakuwa na kompyuta. Kila Jumanne nilimchapia barua za wiki na kumpa kondakta wa basi bahasha. Ijumaa majibu yalirudi kwa mwandiko wake, nami nikayatuma kwa wote.

Thobias wa Msalato alichoka na barua nyingi. Akatengeneza tovuti ambapo kila swali lilikaa mahali pake, mtu aingie asome analotaka. Ilipendeza, hata mimi niliikubali. Kwenye bahasha ya mwisho nikaandika: "Kuanzia Jumatatu mazungumzo yetu yatakuwa jukwaani."

Jumatatu asubuhi Mzee Obedi aliingia kafe amevaa koti na tai, karatasi nne mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Rehani. Jukwaa mmelijenga wapi? Nimepita uwanjani, sikuona hata turubai."

Thobias, aliyekuwa kwenye kompyuta ya pili, alicheka mpaka akashika meza. "Babu, jukwaa lenyewe hili hapa!" Akamgeuzia skrini.

"Kumbe! Na mke wangu kanipigia pasi koti zima." Mzee alicheka naye, kisha akavaa miwani, akasoma polepole. Erica wa Kongwa hakungoja Jumatatu; alikuwa ameuliza tangu Ijumaa kwa nini mbuzi wake wanatupa mimba. Chini yake palikuwa patupu.

"Huyu kamwuliza nani?"

"Sisi wote," Thobias alisema. "Atakayepita atajibu."

"Barua ilikuwa inanikuta nyumbani, najua nimeulizwa. Hapa nitajuaje?"

Mzee akanigeukia. "Andika: awatenge leo, asishike mimba zilizotoka kwa mikono mitupu, amwite bwana mifugo wa kata."

Niliandika. Nilipomaliza, Thobias alisema kwa sauti ya chini, "Kaka Rehani, nikipanga kila swali jipya litoke pia kwa barua pepe, utaendelea kumchapia?"

"Kila Jumanne."

Mzee alizitazama karatasi zake nne. "Na hotuba yangu je?"

Thobias akasogeza viti viwili pembeni, akaweka vidole kwenye kibodi. "Simama hapo, babu. Soma, mimi nakuandikia."

Mzee akafunga kifungo cha koti, akaanza na salamu.