Ng'ombe wa Kesi ya Uduvi

Mimi ni Mchaga wa Kilema, na kwetu Mpare ni mtani. Anayejua utani anajua maana yake: naweza kumsema Mpare mbele ya wakwe zake na asinune, na yeye akaja kwenye msiba wetu akatuzuia kaburini mpaka tumtoe kwa kitu. Wao husema Mchaga akizimia haitwi daktari, inadondoshwa sarafu karibu na sikio lake. Sisi husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ashinde kesi ya kuku.

Kwa hiyo Mpare mmoja rafiki yangu, Godson, aliponitambulisha kwa mdogo wake Elinaja, nyumbani kwake Hounslow mwaka 1996, neno langu la kwanza lilikuwa kumuuliza amekuja London kumshtaki nani. Godson alikuwa anapakia mizigo uwanja wa ndege, mimi nesi kule Lewisham, na huyo Elinaja amekuja kusomea shahada ya wadudu. Alinisahihisha papo hapo. Si wadudu, ni jamii ya uduvi na kaa, wengine wadogo kuliko punje ya mchele, wanaoishi kwenye tope la chini ya bahari, huko kwenye barafu ya kusini ya dunia. Mtu wa Usangi milimani, asiyejua hata kuogelea! Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani.

Basi ikawa kila Jumapili nikitoka kanisani nampelekea chakula maabara. Nilikuwa najiambia ni huruma tu, mtoto wa watu asife njaa ugenini. Kilikuwa chumba cha chini, hakina dirisha, kinanuka spiriti, na rafu zimejaa chupa za tope lililozolewa na meli za utafiti. Elinaja humimina tope kidogo kwenye sahani, akachambua kwa kibano, mmoja mmoja, kama mtu anayechagua mchele. Mimi nikiwa nimetoka shifti ya usiku nilikuwa nasinzia pale pale kitini. Siku moja niliamshwa na senti iliyodondoshwa karibu na sikio langu. Kufumbua macho, bwana ameinamia hadubini, anajifanya hana habari. Ah, siku zile. Hata leo nikinusa spiriti wodini moyo unanienda mbio, na umri huu wote.

Na kesi alikuwa nayo kweli. Vitabu vilisema kuna uduvi fulani mweupe, aina moja tu, amezagaa kulizunguka bara lote la barafu. Elinaja akasema hapana: wa upande huu na wa upande ule ni aina mbili, tofauti yao ni vinyweleo vya mguuni. Profesa wake, mzungu mpole sana, alimshauri aachane nalo amalize masomo. Aachane nalo nani, Mpare?

Alinikalisha kwenye hadubini akanionyesha jike mwenye mayai. Alinieleza kwamba viumbe wengi wa baharini huachia mayai yao yakachukuliwa na maji, lakini huyu huyabeba kwenye mfuko chini ya kifua mpaka wanawe wajiweze, kisha huwashusha hapo hapo alipo. Hawaendi mbali. Bonde moja tu la baharini likiwatenga, baada ya vizazi vingi kila upande unakuwa na ukoo wake, na ndiyo maana ndoo moja ya tope hutoa aina ambazo hazijawahi kupewa jina. Nikamwambia ni dagaa wasio na chumvi. Lakini sikuinuka haraka. Mayai yalikuwa ya rangi ya chungwa, mazuri kweli, na bega lake lilikuwa limegusa langu.

Nilimpenda. Nimechoka kulizungusha neno hili. Ila nielezeni, mtani unamwambiaje? Miaka yote nimemwambia kila upuuzi, sasa neno la kweli lingepita wapi?

Majira ya baridi ya 1998, bila kuinua jicho kwenye hadubini, alisema, "Mchaga, nimeweka ng'ombe mmoja kwa mama. Huyo siuzi, hata kesi iwe kubwa vipi."

Nikamjibu sijawahi kusikia ng'ombe wa Mpare asiyeuzika. Nilicheka sana. Yeye akabadilisha sahani.

Mwaka uliofuata alimaliza, kesi yake bila hakimu, akapata kazi ya kufundisha Dar es Salaam. Nilimsindikiza Heathrow nikiwa nimeapa kwamba leo nasema. Nikamwita kwa jina lake, ambalo sikuwa nalitumia kamwe.

"Elinaja, nioe."

Alihamishia begi bega la pili. Kisha akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Utani mwingine hauna huruma, Mchaga." Akaingia ndani na begi lake, nami nikarudi Lewisham nikilia kwenye treni.

Hakuoa. Wala mimi sikuolewa. Mwaka 2005 alinipigia simu: watu wamepima vinasaba vya wale uduvi, na kumbe si aina mbili, ni zaidi. Ameshinda. Nikamuuliza ameuza ng'ombe wangapi. Akasema hata mmoja.

Mwaka 2007 moyo ulimsimama akiwa darasani. Godson alikwenda kumzika Usangi, na aliporudi tukakutana kwake Hounslow kuanua tanga. Sala ilipoisha watu wakanigeukia, maana mtani wa marehemu ana kazi yake. Nikasimama. Nikamwambia Mpare aamke, kesi yake imeitwa na hakimu amekasirika. Wakacheka. Nikasema nilimwomba mtu huyu anioe, akanikimbia kwa ndege. Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nikasema nilimpenda tangu siku ya kwanza, na bado nampenda. Hapo ndipo walipocheka kuliko pote.

Godson hakucheka. Alinifuata jikoni akafunga mlango.

"Shemeji," alisema. Miaka yote ile alikuwa ananiita Mchaga. "Mama ameniuliza habari zako. Kuna ng'ombe pale nyumbani tangu mwaka tisini na nane. Elinaja aliagiza atunzwe, ni wa kupeleka kwenu Kilema. Mama anasema baadaye Elinaja alimwandikia kwamba wewe umemcheka, ng'ombe asipelekwe tena, lakini akakataa asiuzwe. Sasa ni mzee, ana ndama na wajukuu. Mama anauliza amfanyeje."

Nilishika ukingo wa sinki. Sebuleni walikuwa bado wanacheka.

"Mwambie asimuuze," nilisema. "Nakuja kumchukua mwenyewe."