Uyoga wa Januari

Uyoga ulikuwa umekifunika kichuguu kizima, mweupe, mbichi, kofia zake zikiwa bado na udongo utosini. Modesta alisimama na jembe begani, asiyaamini macho yake. Januari! Pale Bujora, Januari ni mwezi wa palizi. Uyoga huliwa Novemba, ukasahaulika.

Lakini vuli ya safari hii iliwadanganya watu. Manyunyu yalipita Novemba, kisha jua likawaka hadi baada ya Krismasi. Mvua ilipokuja ilimwagika mfululizo, na kichuguu kikaamka.

Kilikuwa mpakani, kati ya shamba lake na la dada yake, Sabina. Baba yao alipowagawia ardhi hakusema ni cha nani. Mwaka mmoja Sabina aliuchuma uyoga wote Modesta akiwa kanisani. Yakatoka maneno mazito, salamu zikakatika. Tangu hapo, kila Novemba, kila mmoja alidamka kumuwahi mwenzake.

Safari hii hakukuwa na wa kumuwahi. Sabina alikuwa Busisi, akimhudumia binti yake, Winnie, aliyejifungua. Modesta alileta beseni, akachuma akiimba hadi likajaa, lakini kila alipoinama alijikuta akigeuka kutazama njia anayopitia Sabina. Wimbo ukamwishia mdomoni.

Nyumbani, mumewe Mashimba alicheka. "Umeufagia wote! Sabina akisikia atalia."

Modesta hakucheka. "Na mwakani ukiota Machi? Au usiote kabisa?"

"Mvua za siku hizi nani anazielewa? Upike leo, mama. Kesho utakuwa na funza."

Modesta alihamishia uyoga kwenye kikapu, akaufunika kwa majani ya mgomba.

"Unaenda wapi nao?"

"Busisi."

Mashimba akaenda kumtafutia mwavuli.

Modesta akapanda gari Kisesa, akavuka ziwa pale Kigongo, kikapu mapajani, akijiuliza atasema nini. Alipobisha hodi, Sabina mwenyewe ndiye aliyefungua, mjukuu kifuani.

"Shikamoo, dada."

Sabina aliitikia taratibu: "Marahaba." Macho yake yakashukia kikapu. Akainua jani, akanusa. "Umenunua wapi?"

"Ni wa kwetu. Wa kichuguuni."

"Januari hii?"

"Januari hii."

"Umebakiza mwingine?"

"Nimechuma wote. Ungeoza kabla hujarudi."

Sabina akamkabidhi mtoto na kuchukua kikapu. "Mshike vizuri shingo. Karanga nitatwanga mwenyewe. Wewe chumvi huzidisha."

Modesta aliketi mkekani. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyodhani, na usingizi wake ulikuwa na joto. Huko uani kinu kikaanza kulia.

"Modesta!" Sabina aliita. "Mwakani unadhani utaota lini?"

"Sijui, dada."

Kinu kilinyamaza kidogo, kisha kikaendelea.