Ukuta wa Bustani ya Mama Mkwe

Ukuta wa magogo nilioutengeneza kwa mama mkwe wangu, kule Ntyuka, Dodoma, umeanguka. Niliutengeneza vibaya.

Nyumba yake iko kwenye mteremko. Marehemu mume wake, mzee Petro, alipanga magogo kuzuia udongo wa juu usiporomoke, akapanda mizabibu hapo. Miaka ikapita, mchwa wakala magogo, ukuta ukaanza kulala. Mama akatuma neno niutengeneze mimi, akawaacha wanawe. Nilijisikia mkubwa.

Niling'oa mabovu, nikachimbia mapya, nikayapaka oili chafu. Hapo sikukosea. Kilichonikera ni nafasi kati ya gogo na gogo. Kila mara mama akimwagilia, maji yalichuruzika nje. Dodoma hii watu tunasukuma madumu kwa baiskeli, halafu maji yapotee hivihivi! Nikatandaza nailoni nyuma ya magogo yote, nikaziba kila upenyo kwa saruji.

Mama Paulina hanisemeshi ana kwa ana. Ndiyo heshima ya ukwe. Neno lake hupitia kwa mke wangu, Hilda, hata kama sote watatu tumesimama uani.

"Hilda, muulize mwenzio, mvua ikija maji yatatokea wapi?"

"Mwambie mama," nikajibu, mwiko mkononi, "mtu wa Dodoma hatafuti pa kutolea maji. Anatafuta pa kuyaweka."

Hilda akacheka. "Umemsikia mwenyewe, mama."

Mama akarudi kwenye mizabibu yake. Angekuwa mama yangu mzazi angenifokea, na pengine ningesikia.

Mvua kubwa ilikuja zabibu zikiwa zimeanza kuiva. Asubuhi yake Bartolomayo, kaka yake Hilda, akanipigia simu.

"Shemeji, njoo uone lambo lako. Nikuletee na perege ufuge?"

Nilidhani ananitania tu. Nikaenda peke yangu. Maji yalikuwa yamejaa nyuma ya nailoni yangu mpaka uzito ukapasua ukuta katikati. Udongo ulikuwa umemwagikia jikoni. Mizabibu ilikuwa imelala kwenye tope, mizizi juu, vichala bado vimening'inia.

Mama alikuwa ameinama anaviokota. Nikamwamkia kwa sauti ndogo. Hilda hakuwepo wa kupitishia neno. Akainuka, akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake.

"Pole, baba," akasema. "Umejichosha bure."

Heri angenitukana. Hata Bartolomayo aliacha utani, akanipa koleo bila kunitazama. Tukachota tope mpaka jioni.

Mizabibu kumi na minne aliyopanda mzee Petro kwa mkono wake imekufa, imebaki mitano. Mavuno ya msimu huu hakuna. Jiko limebomoka upande mmoja. Na ukuta anaujenga fundi mwingine, mama amemtafuta mwenyewe.