Jina la Sita

Mtu mbishi kama Kimaiyo hamjapata kumwona. Shamba zima la mzungu kule Rongai, alikokuwa dereva wa trekta, lilijua kwamba mama yake, Chepkurui, anapoteza kumbukumbu. Yeye peke yake ndiye aliyeshikilia kwamba mama amechoka tu. Mama akipika ugali bila unga, amechoka. Mama akipotea njia ya mtoni, aliyoipita miaka ishirini na mtungi mgongoni, amechoka. Hebu niambieni, ni uchovu gani huo wa miaka miwili?

Si kwamba hakuhangaika. Mwaka wa hamsini na sita alimpeleka kwa daktari Nakuru, akaambiwa ubongo wa mama unakwisha polepole na dawa yake haipo. Majirani walionong'ona kuwa amelogwa aliwafukuza. Mwisho akajitungia dawa yake mwenyewe: mama asiachwe akae bure. Apewe kazi, aulizwe mambo, na akili itarudi mahali pake. Na kazi ilikuwa njiani, kwa sababu Jelagat, mke wa Kimaiyo, alikuwa na mimba ya miezi saba.

Kwao mtoto akizaliwa, bibi yake huketi ndani na wanawake wenzake, akaita majina ya wafu wa ukoo moja moja, huku mtoto akinusishwa ugoro kidogo. Jina atakalolipigia chafya ndilo lake, maana huyo mfu ndiye aliyerudi. Aliye hai haitwi kabisa. Kumwita ni kumchimbia kaburi.

Chepngeno, dada yake Kimaiyo, alimsihi kazi hiyo apewe shangazi yao. Kimaiyo alikataa katakata, akasema wakimnyang'anya mama nafasi yake ndipo watakapokuwa wamemmaliza. Basi kila jioni, akishuka kwenye trekta, alikaa na mama wakirudia majina saba. Kuna jioni mama aliyataja yote bila kukosea, na Kimaiyo akala chakula chake akitabasamu peke yake. Kuna jioni hakulikumbuka hata la marehemu mumewe. Hizo jioni Kimaiyo hakumsimulia mtu.

Mtoto alizaliwa Jumapili asubuhi, wa kiume. Mwanamume haruhusiwi kuingia, kwa hiyo Kimaiyo alisimama nje, sikio ukutani. Mama alianza vizuri. Jina la kwanza, la pili, la tatu, kwa ile sauti yake ya zamani ya mwenye nyumba. Lo, machozi yalimlengalenga Kimaiyo kwa furaha! La nne. La tano. Halafu mama akaita la sita, kwa upole kuliko yote.

"Kimaiyo."

Mtoto akapiga chafya.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Chepngeno alisikika akimweleza mama taratibu kwamba Kimaiyo yuko hai, yuko pale nje. Mama akamkatiza, akasema wasimfiche tena: mwanawe alipelekwa vitani Burma akafia huko, na miaka yote hii hakuna aliyekuwa na roho ya kumwambia. Sasa amerudi. Wampe ambebe.

Burma ilikuwa kweli. Kimaiyo alikwenda, na akarudi mzima, na mama huyo huyo alimpokea na kibuyu cha maziwa, akaimba mpaka sauti ikamkauka. Siku hiyo ndiyo ambayo ugonjwa ulikuwa umeichukua. Ile ya kumuaga akienda vitani ulikuwa umemwachia.

Mlango ukafunguliwa, mama akatoka kupunga upepo. Alikuwa amefurahi, jamani, vile hakuwa amefurahi tangu aanze kuugua. Kimaiyo alipiga magoti mbele yake na kumshika mikono.

"Mama, ni mimi. Kimaiyo ni mimi."

Mama alimtazama, na huruma ikamjaa usoni.

"Pole, baba," alisema. "Kumbe na wewe ulimpenda. Basi usilie, amerudi, yuko ndani ananyonya." Akampangusa machozi kwa kiganja chake. "Na wewe unaitwa nani?"

Kimaiyo alifungua mdomo amjibu, na hakuwa na jina la kumpa.